Combermere: mafungo yalikuja mwisho

Catherine de Hueck Doherty alikuwa na umri wa miaka 50, na mumewe Eddie miaka 56, walipofika Combermere Mei 17, 1947. Combermere ni kijiji kando ya Mto Madawaska, mkoani Ontario nchini Kanada: misitu, maziwa, mashamba yenye mawe mengi, na baridi ya Januari inayogandisha maji yote. Hawakuja kufungua kituo cha mafungo, yaani mahali pa watu kujitenga siku kadhaa ili kusali. Walikuja kwa sababu kazi aliyoianzisha Catherine huko Marekani ilikuwa imemponyoka, na hapo walipata nyumba ndogo ya kuishi.

Kutoka katika nyumba ile imetokea Madonna House, jumuiya ya Kikatoliki yenye watu wapatao 200, walei (waamini wasio mapadre wala watawa) wanaume na wanawake, pamoja na mapadre, yenye makao yake palepale kijijini na nyumba ndogo ndogo katika nchi kadhaa. Wageni hufika kutoka pande nyingi za dunia, wakakaa nao siku chache au miezi, wakasali, wakapasua kuni na kumenya viazi. Kinachonivuta katika kisa hiki si idadi yao, maana watu 200 kwa miaka zaidi ya 70 si wengi. Kinachonivuta ni mfuatano wa mambo. Huku kwetu Tanzania, kikundi cha walei kikipata wazo la kuanzisha mahali pa mafungo kijijini, kitu cha kwanza kuchorwa ni majengo: ukumbi, vyumba vya wageni, kikanisa, groto ya Mama Maria. Michango inakusanywa, msingi unamwagwa, na baada ya miaka mitano wanaofanya mafungo ndani ya kuta zisizoezekwa ni mbuzi wa jirani. Combermere ilikwenda kinyume. Mafungo ya kimya, ambayo ndiyo yaliyowafanya wajulikane, yalianza mwaka 1962, miaka 15 baada ya wale wawili kushusha mizigo.

Ni swali la haki kuuliza walikuwa wakifanya nini miaka yote hiyo.

Kabla ya kijiji

Catherine alizaliwa Urusi mwaka 1896, katika familia yenye mali. Akaolewa mwaka 1912 na binamu yake, Boris de Hueck, akawa muuguzi katika Vita Kuu ya Kwanza, na mapinduzi yalipokuja wakakimbia. Alipokewa katika Kanisa Katoliki akiwa Uingereza mwaka 1919. Mwaka 1921 wakafika Kanada, na mwaka huohuo akamzaa mwanawe, George, mjini Toronto. Ndoa ikavunjika, na baadaye Kanisa likatamka kwamba haikuwa halali. Yeye akafua nguo za watu, akahudumu mezani, akauza dukani, kisha akapata kazi nzuri ya kuzunguka akitoa mihadhara. Alikuwa amekwisha kurudi juu alipoanza kusumbuliwa na Injili ile ya kuuza ulivyo navyo na kuwapa maskini.

Alikwenda kwa Askofu Mkuu Neil McNeil wa Toronto kuomba baraka. Askofu Mkuu akamwambia asubiri mwaka mzima. Akasubiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, dunia ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi, akafungua Friendship House mjini humo: chakula kwa wasio na kazi, nguo, masomo ya mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii. McNeil alifariki mwaka 1934. Minong'ono ilikuwa imekwisha kuanza: huyu Mrusi ni mkomunisti, fedha zinakwenda wapi, anatoa hesabu kwa nani. Mwisho wa mwaka 1936 nyumba ikafungwa.

Mwaka 1938 akaanza tena Harlem, mtaa wa Weusi mjini New York, kwa mwaliko wa Padre John LaFarge, Mjesuiti. Kwa nyakati zile mwanamke Mzungu kuhamia pale na kuwaambia Wakatoliki wenzake usoni kwamba ubaguzi wa rangi ni dhambi lilikuwa jambo la kumletea matusi, na alitukanwa kweli. Kazi ilikua, ikafunguliwa nyumba nyingine Chicago. Lakini mwaka 1943 akaolewa na Eddie Doherty, mwandishi wa habari aliyekuwa miongoni mwa waliolipwa vizuri sana Marekani, mjane mara mbili. Askofu Bernard Sheil wa Chicago alikubali kuwafungisha ndoa kwa sharti kwamba Eddie aachane na mali na kuishi ufukara aliokuwa akiishi mkewe. Eddie akakubali. Watumishi wa Friendship House walishtuka: walimjua mama yao kama mtu aliyejitoa peke yake kwa kazi, na sasa ana mume. Juu ya hilo kukawa na mvutano wa mwelekeo. Wengi walitaka kazi ibaki kwenye haki za Weusi na uamuzi uwe wa pamoja. Yeye aliona utume mpana zaidi, na hakuwa mtu mwepesi wa kuongozwa na kura. Akaondoka.

Ukizitazama hizo habari mbili pamoja, tofauti zake zinaonekana. Toronto ilisimama juu ya hisani ya askofu mmoja, na askofu alipofariki hapakuwa na karatasi ya kumrithisha anayefuata. New York ilisimama juu ya watu wa kujitolea waliompenda, lakini hakuna aliyekuwa amefungamana na mwenzake kwa neno lolote la kudumu, wala hapakuwa na njia iliyokubaliwa ya kumaliza ugomvi. Mambo yote mawili yalikuja kutatuliwa Combermere, ingawa si kwa haraka.

Muuguzi wa kuamshwa usiku

Kijiji hakikuwangoja. Eneo lile lilikuwa na watu wa asili ya Ireland, Ujerumani na Poland (Wilno, jirani, ndiyo makazi ya kwanza ya Wapoland nchini Kanada), wengi wao wakiishi kwa ukataji miti na mashamba madogo. Akaja mwanamke wa Kirusi mwenye sauti nzito na cheo cha *baroness* alichokipata kwa ndoa ya kwanza, pamoja na mwanahabari kutoka mjini. Mtu yeyote aliyekulia kijijini anajua wageni wa namna hiyo wanavyopimwa: kwa salamu kwanza, kisha kwa msiba.

Kilichowafungulia mlango ni uuguzi. Daktari alikuwa mbali, barabara za theluji zilikuwa mbaya, na Catherine alijua kuzalisha, kufunga kidonda, kukaa na mgonjwa hadi asubuhi. Watu walipojua kwamba kuna muuguzi asiyedai malipo, walianza kumgongea. Akatoka usiku, kwa gari linapopita na kwa miguu lisipopita. Baada ya uuguzi ikaja nguo: marafiki wa mjini walituma mitumba, naye akaipanga kwenye chumba kimoja, jirani akaja kuchagua kanzu ya mtoto. Kisha maktaba ya kuazima vitabu. Mwaka huohuo wa 1947 wakaanza kuchapa gazeti dogo, *Restoration*, ambalo Eddie aliliandika kwa ufundi uleule uliompatia mamilioni ya wasomaji mjini, na ambalo bado linatoka.

Utaona kwamba hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji eneo kubwa. Nyumba moja, chumba cha nguo, rafu za vitabu, mikono. Wala hakuna kinachomtaka jirani awe Mkatoliki ili ahudumiwe, na kijiji kilikuwa na Waprotestanti pia. Naona hapa ndipo vikundi vingi vya leo vinapojikwaa. Kituo cha mafungo, kwa jinsi kilivyo, ni mahali pa watu wa mbali: wanakuja Ijumaa na gari, wanalala, wanaondoka Jumapili. Mwanakijiji anaona ukuta, geti, mlinzi. Anaajiriwa kufyeka majani, basi. Combermere wageni walipoanza kuja, mwanakijiji alikuwa amekwisha kuwa na sababu zake mwenyewe za kuingia uani, na uhusiano huo haukuachwa ujifie. Baadaye jumuiya ilitenga nyumba nzima, St. Joseph's House, kwa ajili ya familia za eneo hilo tu.

Vijana nao wakaanza kuja, mwanzoni wakati wa kiangazi, kwa masomo ya utume wa walei. Walikuja kujifunza wiki chache. Baadhi hawakurudi kwao.

Wanaobaki

Hapo ndipo tatizo la New York liliporudi. Una watu kumi au ishirini wanaoishi pamoja, wanasali, wanafanya kazi bila mshahara. Kesho mmoja akipata barua ya kazi mjini, anaondoka. Nani apande mti wa tufaha asiyejua kama atakuwapo ukizaa?

Oktoba 1951 Catherine alihudhuria Roma kongamano la kwanza la dunia la utume wa walei. Huko alizungumza na Monsinyori Giovanni Battista Montini wa Sekretarieti ya Vatikani, ambaye miaka 12 baadaye angekuwa Papa Paulo VI. Montini alimshauri afikirie namna ya kuwapa watu wake uimara, yaani kujifunga kwa Mungu na kwa wenzao kwa namna ya kudumu. Njia ilikuwa wazi kisheria: tangu Februari 1947 Papa Pius XII alikuwa ameruhusu rasmi aina ya maisha ya walei wanaojiweka wakfu bila kuwa watawa.

Catherine hakurudi na amri mkononi. Alilipeleka kwa wenzake. Walilizungumza kwa muda mrefu, na mwaka 1954 wakaamua wenyewe: ahadi za ufukara, useja na utii, kwanza za muda, kisha za maisha. Kwa mtu aliyekuwa amepoteza jumuiya nzima kwa sababu ya namna ya kuamua, kule kungoja kulikuwa ushahidi kwamba alikuwa amejifunza. Mpaka leo Madonna House wanachagua viongozi wao kwa kutafuta mwafaka wa wote, na wana wakurugenzi wakuu watatu: wa wanawake, wa wanaume na wa mapadre. Ni taratibu za kuchosha. Vikao ni virefu. Lakini hakuna kundi linaloamka asubuhi likakuta lingine limeamua.

Useja ulileta swali ambalo hakuna aliyelikwepa: na hawa wawili je? Wao ni mke na mume. Mwaka 1955 Catherine na Eddie waliahidi kuishi kama kaka na dada, wakatengana vyumba. Eddie, aliyekuwa ameacha mali kwa ajili ya mkewe, sasa akaachia na hilo. Mwaka 1969, akiwa na miaka 78, alipewa upadre mjini Nazareti na Askofu Mkuu Joseph Raya, katika Kanisa la Wamelkiti, ambao ni Wakatoliki wa mapokeo ya Mashariki wanaowapa upadre wanaume waliooa. Akafariki mwaka 1975. Askofu Raya mwenyewe alikuja kuishi Combermere, akafariki mwaka 2005.

Wapo wanaolisoma tukio hilo la 1955 kama kilele cha utakatifu. Mimi linanipa ukakasi kidogo, nalo nitalirudia.

Kula kwa kuomba

Jumuiya haina mitaji wala ada za vyumba. Wanaomba. Gazeti linaeleza wanachohitaji, watu wanatuma: nguo, viatu, samani, vitabu, fedha kidogo. Vinavyofika vinachambuliwa kimoja kimoja. Kinachovalika kinavaliwa na wao wenyewe au kinakwenda kwa mhitaji. Kisichovalika kinakatwa vitambaa. Cha thamani, kama sahani ya zamani au kidani, kinapelekwa kwenye duka lao la zawadi, na mapato ya duka hayabaki nyumbani: yanakwenda kwa maskini wa nchi nyingine. Hilo la mwisho linafaa kutazamwa mara mbili. Jumuiya inayoishi kwa kuomba ina biashara moja inayoingiza fedha taslimu, na fedha hizo haizigusi. Mtoaji anayeingia dukani haulizi fedha zinakwenda wapi, swali lililoua kazi ya Toronto, kwa kuwa jibu limebandikwa tangu mwanzo.

Chakula ni habari nyingine. Tangu miaka ya 1950 wana shamba, St. Benedict's Acres: ng'ombe wa maziwa, kondoo, mboga, viazi, nyasi za kuhifadhi kwa majira ya baridi, na utomvu wa mti wa mepo wanaouchemsha kuwa sharubati. Msimu wa kulima ni mfupi mno kule, kwa hiyo vuli nzima ni kusindika, kukausha, kujaza ghala. Mgeni anayekuja kwa ajili ya "uzoefu wa kiroho" anakabidhiwa kisu na ndoo ya karoti. Catherine alisisitiza kwamba mambo madogo yafanywe vizuri sana kwa ajili ya upendo wa Mungu, na hakuwa akitia chumvi: fagio lilitakiwa kurudi mahali pake, mlango ufungwe bila kishindo. Wanajumuiya walimwita B tu, kifupi cha cheo chake cha zamani, na wanakumbuka kwamba B alikuwa mkali.

Mambo haya ya shamba yanaweza kuonekana ya kando. Siyo. Jumuiya ya kijijini inayonunua chakula chote sokoni itapandisha bei ya mafungo kila mwaka, na baada ya muda wanaoweza kuja ni wafanyakazi wa ofisini peke yao. Mkate na mboga zinazotoka shambani ndizo zinazowawezesha kumpokea kijana asiye na kitu akakaa miezi sita.

Kibanda cha kwanza

Mwaka 1962 walitengeneza nyumba ya shamba iliyoachwa iwe mahali pa mtu mmoja kwenda kusali peke yake. Catherine alilichukua jambo hilo kutoka Urusi ya utoto wake, ambako mkulima au bwana aliweza kuingia msituni kuishi na Mungu, na mlango wake usifungwe kwa jirani mwenye shida. Walikiita *poustinia*, yaani jangwa. Baadaye vikaongezeka vibanda vya magogo, vilivyotawanyika kati ya miti.

Ndani kuna kitanda chembamba, meza, kiti, jiko la kuni, msalaba ukutani, picha takatifu ya Kimashariki kwenye kona, Biblia mezani. Mtu anaingia na mkate na maji, au chai. Anakaa saa 24, wengine siku mbili au tatu. Hakuna mhubiri, hakuna ratiba ya mada, hakuna kwaya. Jiko likizimika usiku, unaamka mwenyewe kuliwasha, maana nje baridi inaweza kushuka nyuzi 30 chini ya sifuri. Ukitoka, kama Mungu amekupa neno, unawaambia wenzako. Kama hakukupa, unarudi jikoni kumenya viazi.

Mwaka 1975 Catherine alitoa kitabu kuhusu maisha hayo, kikatafsiriwa katika lugha nyingi, na vibanda vya namna hiyo vikajengwa na watu wengine katika nchi nyingine. Gharama yake ni ndogo kuliko ya choo cha kisasa. Kinachofanya kibanda kiwe mafungo na si gereza la hiari ni jumuiya iliyo umbali wa mita mia kadhaa, inayojua kwamba uko ndani, inayokuombea, na ambayo kesho utakula nayo. Ukikijenga kibanda bila hiyo jumuiya, umejenga chumba cha kulala wageni. Ndiyo maana nasema mafungo kuja mwisho halikuwa jambo la bahati. Mwaka 1947 hapakuwa na mtu wa kumbeba aliye ndani ya kimya.

Askofu na karatasi

Juni 8, 1960, Askofu William Smith wa Jimbo la Pembroke alibariki sanamu ya shaba ya Mama Yetu wa Combermere, kazi ya mchongaji Frances Rich, na siku hiyohiyo akaitambua jumuiya rasmi kama chama cha Kanisa chenye kanuni zake. Walikuwa wamekaa miaka 13 bila hati hiyo, na mimi naona ni sawa. Smith aliongoza jimbo hilo kuanzia 1945 hadi 1971, miaka ipatayo 26. Hiyo ni bahati ambayo huwezi kuipanga. Lakini tofauti na Toronto, alipoondoka kulikuwa na hati ofisini. Catherine alifariki Desemba 14, 1985, na jumuiya haikusambaratika. Mwaka 2000 jimbo likafungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri.

Mtu wa huku anayetaka kufanya kitu kinachofanana asome Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 298 hadi 329, kabla ya kununua hata mfuko wa saruji. Walei wana haki ya kuunda vyama (kanuni ya 215), hawaombi ruhusa ya kukutana na kusali. Lakini kujiita "Katoliki" kunahitaji idhini ya mamlaka ya Kanisa (300), na chama cha hadharani, kama Madonna House kilivyo leo, kinasimikwa na askofu katika jimbo lake (312). Kikishasimikwa, mali yake inasimamiwa chini ya uangalizi wa askofu, na hesabu zinatolewa kila mwaka (319). Kikundi kinachotaka uhuru zaidi kinaweza kubaki chama cha binafsi, ila kisipopata utu wa kisheria hakiwezi kumiliki kitu kwa jina lake. Wanachama wanamiliki pamoja kama watu binafsi (310). Kwa lugha ya kijijini: kiwanja ni cha Mzee fulani na Mama fulani, na Mzee akifa, watoto wake wanakuja na mita ya kupimia.

Kwa Tanzania hiyo ndiyo sehemu inayoua miradi mingi kimyakimya. Jina la Kanisa halitoshi mbele ya sheria za nchi. Inatakiwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini), ama ya jimbo ama ya chama chenyewe, na uamuzi wa ipi kati ya hizo mbili unabadilisha kila kitu: nani anasaini, nani anaweza kuuza, nani anaamua kituo kikifungwa. Na Ekaristi haiwekwi katika kikanisa cha mtu kwa sababu kimejengwa vizuri. Ruhusa ni ya askofu, na mahali pa ibada pa kikundi panahitaji ruhusa yake pia (1223).

Lisilokaa sawa

Narudi mwaka 1955. Madonna House inajiita jumuiya ya walei, na ni kweli, hawavai kanzu za kitawa wala hawaitwi masista. Wanavaa nguo za mitumba na msalaba shingoni. Lakini anayetoa ahadi kamili ni mseja. Wanandoa hawawezi kuwa wanajumuiya kwa maana hiyo, hata waanzilishi hawakuweza bila kuacha maisha ya ndoa. Kwa familia walifungua katika miaka ya 1950 kambi ya kiangazi kando ya maji, Cana Colony, ambako wazazi na watoto wanakaa wiki moja, wanapata Misa na mafundisho, watoto wanaogelea. Ni mafungo mazuri ya familia, na ninaamini ni moja ya vitu ambavyo parokia za Tanzania na Kenya zingeweza kuiga mwaka ujao bila gharama kubwa. Ila wiki moja si maisha.

Huku kwetu walei wenye ndoto za namna hii kwa kawaida ni wanandoa. Ni watu wa WAWATA na UWAKA (vyama vya wanawake na wanaume Wakatoliki), mwalimu mstaafu na mkewe, vijana watatu waliokuwa pamoja katika VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, na sasa wana watoto. Useja wa Combermere uliondoa kwa mkato maswali ambayo kikundi hicho hakiwezi kuyaondoa. Ada ya shule ya mtoto wa mwanajumuiya inatoka mfuko gani? Mume akitaka kuondoka na mke akitaka kubaki, nyumba ni ya nani? Mjane anaendelea kula mezani kwa haki au kwa huruma? Mtoto wa mwanzilishi, aliyekulia shambani na kuchunga ng'ombe wale, ana sehemu au hana?

Hayo yanataka kuandikwa katika katiba kabla mtu wa kwanza hajahamia, yasomwe mbele ya wake na waume wote, na kila mmoja aweke saini yake. Kwa kifungu hicho hakuna nakala ya kuazima kutoka Kanada.